Jumapili Mpakani: Watoto wa Busia na Mwamba wa Tororo

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Msemo huu hutajwa sana katika mikutano ya wazazi, lakini wapo wazazi ambao kazi yao haiwapi nafasi ya kulea kila siku. Askari wa jeshi na wa polisi ni miongoni mwao. Huyu hukesha lindoni, yule huhamishwa kituo kabla mtoto wake hajaota meno, na mwingine hurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, na siku zake zimekwisha kuhesabiwa na mkubwa wake wa kazi. Je, siku hizo chache zitumiwe vipi ili mtoto amjue baba yake? Jibu moja linapatikana mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miji ya Busia na Tororo, ambako watoto huweza kufurahi kutwa nzima bila ya wazazi wao kutoa fedha nyingi.

MJI MMOJA, SERIKALI MBILI

Mgeni afikaye Busia kwa mara ya kwanza hutatizika. Iko Busia ya Uganda na iko Busia ya Kenya, nazo zimekaribiana kama vyumba viwili vya nyumba moja. Upande huu fedha ni shilingi za Uganda, upande ule ni shilingi za Kenya, na wabadilishaji fedha hukaa njiani wakizihesabu zote mbili kwa vidole vyepesi. Samaki wadogo ambao Mtanzania huwaita dagaa, hapa huitwa mukene upande wa Uganda na omena upande wa Kenya, ijapokuwa wametoka katika ziwa lile lile la Victoria.

Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, mpaka karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda. Mwaka huo Mwingereza aliuondoa mkoa wa mashariki wa himaya hiyo, akautia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kalamu ilipita, lakini koo hazikukatika. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo. Kwa hiyo si ajabu mtoto wa Busia kuwa na shangazi Uganda na mjomba Kenya, akawaamkia wote kwa lugha ya nyumbani na kucheza na watoto wao kwa Kiswahili.

Ni katika mpaka huu neno bodaboda lilipozaliwa. Vijana wenye baiskeli waliwachukua wasafiri kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, wakiita "Boda! Boda!" yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Leo pikipiki zimeshika nafasi kubwa ya baiskeli, na neno lenyewe limesafiri kote Afrika ya Mashariki. Aidha, mwezi Februari mwaka 2018 kilifunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili.

MWAKA AMBAO NJIA ILIFUNGWA

Hata hivyo, wakazi wa Busia hawajasahau mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwezi Machi, watu walizuiwa kuvuka, na malori ya mizigo peke yake ndiyo yaliyoruhusiwa kupita. Shule zilifungwa pande zote mbili. Upande wa Kenya watoto walirudi shuleni mwezi Januari mwaka 2021. Upande wa Uganda watoto wadogo wa chekechea walikaa nyumbani hadi Januari mwaka 2022, karibu miaka miwili kamili. Hivyo kwa mwaka mzima mtoto wa upande mmoja alivaa sare kila asubuhi, na binamu yake wa upande wa pili akabaki uani akichora mchangani.

Mzazi aliyezoea kusema kwamba mchezo hupoteza wakati, katika miezi hiyo aliona vingine. Mtoto aliyepata mwenzi wa kucheza naye alihesabu mawe, alitunga vitendawili na alijifunza kungoja zamu yake. Yule aliyefungiwa ndani bila ya mchezo alinuna, akalialia na kugombana na kila mtu. Kwa mtoto mdogo, mchezo ndio darasa lake la kwanza.

MICHEZO ISIYOLIPIWA

Katika nyua za Busia na Tororo michezo haina idadi. Wasichana hupenda mchezo wa kukwepa mpira: wawili husimama huku na huku wakirusha, na walio katikati hukwepa wasiguswe. Upande wa Uganda mchezo huu huitwa kwepena, na upande wa Kenya huitwa kati. Wavulana huendesha ringi za baiskeli kwa kijiti, au hutengeneza magari ya waya yenye magurudumu yaliyokatwa katika ndara zilizochakaa. Wadogo kabisa hufinyanga ng'ombe wa udongo, au hucheza kalongolongo, huyu akiwa mama na yule akiwa baba, majani yakiwa mboga na mchanga ukiwa ugali.

Wazee nao hawakosi mchezo wao. Ubao wa omweso una mashimo 32 na kete 64, lakini mtoto asiye na ubao huchimba mashimo yake chini ya mwembe, akaokota mbegu na kuanza. Mwalimu yeyote wa hesabu atakubali kwamba mtoto aliyezoea kugawa kete kwa haraka hataogopa kujumlisha na kutoa.

Mpira nao hauhitaji duka. Chukua matambara makuukuu, uyakunje yawe donge gumu la ukubwa wa ngumi. Lizungushie maganda makavu ya mgomba yaliyoloweshwa maji kidogo ili yasikatike. Kisha funga kwa kamba, kwanza kwa mapana, halafu kwa marefu, halafu kwa mshazari, ukikaza kila mara, mpaka uwe kama wavu unaoshika pande zote. Uache ukauke kivulini siku moja. Mpira wa namna hii haudundi sana, lakini hauvunji kioo cha jirani, nao ukichakaa hutengenezwa mwingine.

Jambo moja tu halina budi kukumbushwa. Njia kuu za Busia na Malaba hujaa malori marefu yaingojayo zamu ya kuvuka. Dereva aliye juu hawezi kumwona mtoto mfupi aliyeinama chini akiokota mpira. Watoto wachezee uani au katika kiwanja, wala wasiachwe kamwe kucheza katikati ya malori yaliyosimama, kwa maana lori lililosimama laweza kuondoka wakati wowote.

AFANDE AMERUDI

Yuko askari polisi mmoja ambaye nyumbani kwake ni Busia, upande wa Uganda, na kituo chake cha kazi kiko mbali sana magharibi. Mkewe huuza nafaka sokoni. Wana watoto watatu: msichana wa miaka kumi na mmoja, mvulana wa miaka minane na kitinda mimba wa miaka minne. Baba huyo alipata likizo ya siku kumi na nne. Alifika jioni, mfuko begani, akiwa na sukari, sabuni na viatu vya watoto. Wakubwa wawili walimkimbilia. Yule mdogo alijificha nyuma ya mama yake, akachungulia, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo, afande."

Majirani walicheka. Baba naye alicheka, lakini usiku alimwambia mkewe, "Mama watoto, mtoto huyu hanijui."

Mkewe akajibu, "Akujue kwa lipi? Sauti yako huisikia kwenye simu, na kwenye simu kila mtu hukuita afande."

Siku tatu za kwanza mambo hayakwenda vizuri. Baba alikuwa amezoea amri, na nyumbani pia akatoa amri. Viatu vipangwe mstari mmoja. Watoto waamke kabla ya jua. Anayezungumza wakati wa kula anyamaze. Alifanya haya kwa nia njema, maana hakutaka watoto wake wawe walegevu. Lakini kila alipoingia ndani, kicheko kilikoma, na yule mdogo alikimbilia jikoni. Mama aliona hayo, wala hakusema neno mbele ya watoto. Usiku wa tatu ndipo alipomwambia mumewe, "Baba watoto, kambini una askari wengi. Hapa una watoto watatu tu."

Asubuhi ya nne baba alitoka uani, akawaita wote na kuwapanga mstari. Watoto wakadhani wamekosa. "Mguu sawa!" akaamuru, nao wakasimama. "Mguu pande! Nyuma geuka!" Wakubwa waligeuka, lakini mdogo aliendelea moja kwa moja mpaka akagonga ndoo ya maji, ikamwagika. Kukawa kimya. Mama alisimama mlangoni akingoja kuona litakalofuata. Baba alimtazama mtoto, akaitazama ndoo, kisha akavua kofia yake na kumvika yule mdogo, ikamfunika hadi puani. "Sasa wewe ndiwe mkubwa," akamwambia. "Toa amri."

Mtoto alifikiri kidogo. "Mguu sawa!" akasema kwa sauti nyembamba. Baba akasimama wima. "Ruka kama chura!" Baba akaruka. Tangu asubuhi hiyo kilikuwa ndicho kifungua kinywa cha nyumba ile, na hakuna aliyelazimishwa kuamka mapema.

MVUA YA UONGO

Upande wa Kenya, mwendo mfupi kutoka mpakani, anakaa bibi mmoja ambaye watoto hao humwita nyanya. Yeye ni dada mkubwa wa mama yake baba, aliyeolewa huko zamani. Mwaka 2020 alikaa miezi mingi bila ya kuwaona, wakisalimiana kwa simu tu, hali moshi wa jiko lake ungeweza kuonekana na mtu mwenye macho makali. Basi katika likizo hii baba alichukua vitambulisho na hati za watoto, wote wakavuka kwa njia halali mchana kweupe, wakaenda kumwamkia.

Ulikuwa msimu wa mvua, nao ndio msimu wa kumbikumbi. Watu wa sehemu hizi wana ufundi wa kuwatoa kumbikumbi ardhini bila ya kungoja mvua. Kichuguu hufunikwa kwa majani, huachwa tundu moja lenye kishimo mbele yake, kisha vijiti hupigwa juu ya ubao kwa mwendo mwepesi unaofanana na matone ya mvua. Kumbikumbi hudhani mvua imeanza, hutoka kwa wingi, na kutumbukia katika kishimo.

Baba alishika vijiti, akapiga kwa nguvu kama mpiga ngoma wa gwaride. Hakuna aliyetoka. Nyanya akatikisa kichwa. "Mwanangu, hiyo ni mvua ya mawe. Nani atatoka nyumbani kwake katika mvua ya mawe? Mpe mtoto." Yule mdogo akapewa vijiti. Mikono yake haikuwa na nguvu, na kwa sababu hiyo ilipiga vizuri, taratibu, ta-ta-ta-ta. Baada ya muda mbawa za kwanza zilionekana kwenye tundu, na watoto wakapiga kelele mpaka nyanya akawanyamazisha.

Jioni kumbikumbi walikaangwa kwa mafuta yao wenyewe, wakatiwa chumvi, wakaliwa kwa ugali wa wimbi. Baba alimsikia mtoto wake akimweleza nyanya, "Huyu hajui kupiga mvua. Nitamfundisha." Hakumwita afande, ingawa hakumwita baba pia.

SAFARI YA TORORO

Jumapili ya mwisho familia ilipanda gari la abiria kwenda Tororo, mji ulio kaskazini ya Busia, safari isiyofika hata saa mbili. Kabla ya kufika mjini, Mwamba wa Tororo huonekana mbele, umesimama peke yake katikati ya nchi tambarare. Wataalamu husema kwamba zamani sana palikuwa na volkano. Mawe yaliyoyeyuka yaliganda ndani ya koo lake, na udongo laini wa pembeni ulipoliwa na mvua kwa muda mrefu, jiwe gumu likabaki. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari.

Njiani msichana mkubwa alitega kitendawili alichotunga mwenyewe: "Babu yetu anakaa Uganda, lakini kofia yake huonekana Kenya." Ndugu yake alishindwa, mama akashindwa, na kondakta pia akashindwa. "Mpeni mji," akasema kondakta, nao wakampa Kampala. Jibu likawa ni Mwamba wa Tororo, na abiria wote wakaugeukia dirishani.

Njia ya kupandia huanzia katika miti, kisha hufika penye miamba mikali ambapo zimewekwa ngazi za chuma. Si mahali pa watoto wa miaka minne. Wazazi waendao huko wabebe maji ya kunywa, wavae viatu visivyoteleza, watafute kijana mwenyeji wa kuwaongoza, na wasipande mvua iliponyesha karibuni. Baba alikuwa ametamani sana kupanda, maana tangu utoto wake alikuwa akiutazama mwamba ule bila ya kuufikia. Lakini mtu mmoja alipaswa kubaki na mdogo. Mama alikuwa amekwisha kuketi juu ya jiwe kama ilivyo desturi yake. Baba akamwambia, "Nenda wewe, mama watoto. Wewe hulipandi jambo lolote ila ngazi za ghala."

Mama akajifunga kanga kiunoni, akapanda pamoja na wakubwa wawili na kiongozi wao. Walipofika juu waliona mapaa ya mji, kiwanda cha saruji kilichoanzishwa katika miaka ya 1950, na milima ya Osukuru yenye mawe ya chokaa. Kaskazini mashariki ulionekana Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, umevaa mawingu. Upande wa mashariki ilikuwa Kenya. Mvulana alitafuta mstari wa mpaka kwa muda mrefu. "Mama, mbona siuoni?" akauliza. Mama akamwambia mashamba hayajui ramani.

Huko chini baba na kitinda mimba walikaa kivulini. Baba hakujua azungumze nini na mtoto wa miaka minne, basi akanyamaza. Mtoto naye alinyamaza, akipanga mawe madogo. Ghafula honi ya treni ya mizigo ikalia kutoka mjini. Tororo ni njia panda ya reli: njia moja hutoka Malaba kwenda Jinja na Kampala, ilikofika mwaka 1931, na nyingine huelekea kaskazini kwa Mbale na Soroti, ilikofika mwaka 1929. Mtoto alikuwa hajapata kusikia treni.

"Ni nini ile?" akauliza.

Baba akamweleza kwamba ni gari refu linalovuta magari mengine nyuma yake, kila moja limeshika mkia wa mwenziwe. Mtoto akayapanga mawe yake mstari mmoja, akaweka kubwa mbele. "Hili ni wewe," akasema. Akaweka jingine. "Hili ni mama." Akaendelea hadi akafika mwisho. "Hili dogo ni mimi. Nakushika wewe, baba, lakini niko mbali."

Baba akalichukua lile jiwe dogo, akaliweka nyuma ya lile kubwa. Mama na watoto waliposhuka, wakiwa wametoka jasho na wanasimulia wote kwa pamoja, walimkuta mtoto amelala begani kwa baba yake, na baba hathubutu kujisogeza ingawa siafu alikuwa amempandia mguuni.

KWA WAZAZI WALIO KAZINI

Yapo mambo machache ambayo kila askari, mume au mke, aweza kuyafanya. Kwanza, mtoto asijulishwe mzazi wake kwa cheo. Anayebaki nyumbani na ampe mtoto simu kwa kumwambia, "Zungumza na baba," au "Zungumza na mama." Pili, siku za kwanza za likizo zisitumiwe kurekebisha makosa. Mtoto humkubali mgeni kwanza, ndipo akubali maonyo yake. Tatu, katika kila likizo pawe na siku moja ya safari ya karibu, hata ikiwa ni ya kwenda kutazama mto au treni. Nne, mwacheni mtoto awaongoze katika mchezo mmoja. Kumtii mtoto kwa nusu saa mchezoni hakumwondolei mzazi heshima, bali humfundisha mtoto kwamba amri njema hutolewa kwa upole.

Nidhamu ni kitu kizuri, na askari aijua kuliko wengine. Lakini nidhamu bila ya mapenzi humfanya mtoto atii mlango ukiwa wazi na kuasi ukifungwa.

Jumatatu alfajiri yule askari aliondoka. Bodaboda ilimngoja njiani, mfuko ukiwa umefungwa nyuma. Mama na wakubwa walimsindikiza hadi uzioni. Mdogo alitoka mbio, hajanawa uso, akasimama juu ya jiwe na kupaza sauti: "Baba! Mguu sawa!"

Askari akaushusha mguu aliokuwa amekwisha kuupandisha kwenye pikipiki, akasimama wima kando ya njia, mikono ubavuni. Mwenye pikipiki alitazama saa. Wachuuzi waendao sokoni walipita wakimshangaa. Hakutikisika, maana hajaambiwa "mguu pande", na mtoto, kwa kuwa alipenda kumtazama, hakuwa na haraka ya kulisema.